Kutangua Mwaliko

Jumapili, 13 Julai

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Nimepata daraja la pili. Nimeyaona kwenye simu nikiwa peke yangu kilimani penye msikiti, maana hapa Mgagadu mtandao unashika huko tu. Nilitaka kumkumbatia mtu, lakini palikuwa na kuku watatu, nao walinikimbia.

Nikateremka kumtafuta Baba. Alikuwa juu ya mkarafuu. Alivyosikia akashuka, akasujudu pale pale kwenye majani, kisha akawapigia kelele wachumaji wote: "Ghania kafaulu! Haya, Mlimani hiyo!"

Mimi sikutaja Mlimani, wala chuo kikuu chochote.

Jumatano, 16 Julai

Tumeshahamia kambini mpaka karafuu ziishe. Baba na wachumaji, ambao wengi wametoka Vitongoji, huingia shamba alfajiri. Mimi hubaki uanikani. Kazi yangu ni kutandaza karafuu juu ya majamvi, kuzigeuza, kufukuza kuku, na kutazama mbingu. Likija wingu nianue mbio, maana karafuu iliyonyeshewa kabla haijakauka huvunda, na iliyovunda hata ukiipa jina zuri hainunuliki. Kutwa nzima sina wa kusema naye. Mama alifariki nikiwa mdogo. Kaka yangu Talib anakaa Gombani, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na uwanja wa mpira.

Mwenzangu hapa ni ng'ombe wa nadhiri. Inafaa nimweleze, maana yeye ndiye mwenye nyumba zaidi yangu.

Mwaka juzi Talib alipopata nafasi Mlimani, Baba alisimama msikitini baada ya sala ya Ijumaa, akaweka nadhiri mbele ya watu: Mwenyezi Mungu akimfikisha mwanawe Mlimani, atachinja ng'ombe na kusomesha maulidi. Akanunua ng'ombe kabisa. Talib akasema atachuma msimu ule wa mwisho, kisha aende zake Dar es Salaam. Tawi likamkatikia. Alivunjika mgongo. Sasa anatembea kwa magongo, na hata hayo ni kwa rehema ya Mungu na mazoezi.

Ng'ombe akabaki. Ng'ombe wa nadhiri hauzwi na halimishwi. Kazi yake ni kula. Amenenepa mpaka shingo haina mahali pa kupita kamba, na kila mtu apitaye njiani humtazama yeye, kisha hunitazama mimi.

Ijumaa, 18 Julai

Karafuu nyingi. Mikono inanuka mpaka ndani ya ndoto.

Jumanne, 29 Julai

Nimeomba Mlimani. Baba alisimama nyuma yangu kilimani, akashika kofia yake mkononi kana kwamba yuko mbele ya mkuu wa mkoa. "Wataka kusoma nini huko?" nikamuuliza, kwa utani. Akasema, "Chochote mwanangu. Mlimani ni Mlimani."

Khairat, rafiki yangu wa shule, naye kaomba huko huko. Kundi letu lote la kidato cha sita wameomba huko huko, na wakishindwa hapo wataomba palipo na jina linalokaribia hapo. Hakuna anayeuliza kuna nini ndani. Sisi tunachagua chuo kama mtu achaguaye kanga kwa rangi, jina lake akalisoma baadaye.

Jumanne, 5 Agosti

Baba alikwenda kituoni kuuza karafuu, wachumaji wakapumzika, nikapata siku yangu. Nikakaa kilimani na simu mpaka chaji ikaniaga.

Niandike ninachokitaka, maana sijapata kumwambia mtu. Mwaka mzima nilikuwa nikimpeleka Talib hospitali Chake, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Bi Mwanawema, mwenye chumba hicho, alinifundisha namna ya kumshika ili nimsaidie nyumbani. Yuko peke yake na watu ni wengi. Kila msimu wa karafuu wanaongezeka, wanaletwa kwenye machela kutoka mashamba yote ya kisiwa hiki. Nataka kuifanya kazi ile.

Yeye ndiye aliyenambia habari za chuo cha Kwemasha, bara, mbele ya Korogwe. Ni kidogo. Kimeshikana na hospitali, na mwanafunzi anaanza kushika wagonjwa tangu muhula wa kwanza. Wanatoa diploma tu. Nilipiga simu nikitarajia kuambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili. Akapokea mwalimu mwenyewe, mwanamke, nyuma yake nasikia watu wanahesabu, moja, mbili, pumzika. Nikamuuliza darasa lina watu wangapi, mabweni ya wasichana yako wapi, msikiti upo karibu, waliomaliza wanafanya kazi wapi. Akanijibu yote bila haraka. Mwisho akaniuliza yeye: "Wewe umeshawahi kumwinua mtu mzima kitandani?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mgongo wako uliuma wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, nikasahau kwamba haoni. Nikacheka peke yangu kilimani. Nikaomba nafasi.

Jumatano, 6 Agosti

Nilimpigia Khairat nimwambie. "Kwemasha?" akasema. "Hicho chuo au kituo cha basi?" Halafu akacheka, nami nikacheka, halafu nikasema naona mawingu, nikakata. Hakukuwa na wingu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mvua ndogo asubuhi. Niliwahi kuanua. Nimezungumza na ng'ombe, kwa sauti kabisa, mpaka mchumaji mmoja aliyerudi kuchukua maji akauliza nina mgeni gani.

Jumatatu, 25 Agosti

Kwemasha wamenikubali. Sikumwambia mtu. Nimepika muhogo kwa nazi, Baba akasifu, nikalala.

Alhamisi, 4 Septemba

Mlimani nao wamenipa nafasi. Botania. Mimi, ambaye tangu kuzaliwa nimezungukwa na miti na sijapata kuona cha kuuliza.

Mpango wao ni huu: ukishapokewa, lazima uthibitishe kwa simu kabla tarehe waliyoweka haijapita. Usipothibitisha, nafasi anapewa mwingine na mlango unafungwa.

Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwa Talib hakulia mbele yetu. Akaniambia, "Ijumaa ya wiki ijayo tukipumzika upande kilimani ukathibitishe, karafuu zikiwa ndani." Kisha akatoka akaenda akamsugua yule ng'ombe mgongo kwa maganda ya nazi. Mfungo Sita haujaisha, anasema maulidi yaangukie ndani ya mwezi wa Mtume.

Ningemwambia vipi? Nampenda Baba yangu. Naandika hivyo kwa sababu wiki hii nzima namkasirikia.

Jumanne, 9 Septemba

Naandika ya leo kabla sijalala.

Sikuweza kungoja Ijumaa. Nilitaka kusema na Talib bila ya mtu kusikia, na Ijumaa Baba angekuwa ubavuni. Adhuhuri jua lilikuwa kali, mbingu safi, majamvi yote yametandazwa, karafuu za siku ya pili na ya tatu, zinaanza kulia kwa ukavu zikiguswa. Nikajisemea, nakwenda na kurudi. Nikapanda.

Nilikuwa nimekata shauri kuthibitisha Mlimani. Nilifungua pale pa kuthibitisha kabisa. Nikampigia Talib ili mtu mmoja aniambie kwamba ninafanya vizuri.

"Thibitisha, umfurahishe mzee," akasema. Nasikia anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

"Kuna na chuo kingine kimenipokea. Kwemasha. Cha kazi ya Bi Mwanawema."

Akaacha kupuliza. "Huko waendea nini?"

"Kwani weye hujui?" nikasema.

"Ghania, n'sikilize. Usinifanye mie kisingizio. Ukenda huko kwa ajili yangu, kila siku n'takuwa nadaiwa asante. Mie n'shaanguka mara moja, yatosha. Watu wote wa nyumba hii wanautazama mgongo wangu, baba na nadhiri yake, na weye na chuo chako. Kama huna sababu ya kwako mwenyewe, kasome hiyo miti."

Nikasema si hivyo. Akasema, "Basi ni vipi? Nambie." Jibu nilikuwa nimelitafuta kila mahali isipokuwa ndani yangu. Nikaifunga simu bila kuthibitisha kitu. Nikakaa kwenye ngazi ya msikiti, nikalia kama mtoto.

Tone la kwanza liliniangukia mkononi nikadhani ni chozi.

Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Mvua ilifika uanikani kabla yangu. Mvua ya jua, hii isiyo na wingu la maana, ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haikupi salamu. Wachumaji walikuwa wanatoka shambani mbio, wengine na pakacha begani, tukawa tunakunja majamvi na maji yake, karafuu zinamwagika, zinakanyagwa kwenye tope. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilitamani wangeniuliza.

Baba akaja mwisho. Akachota karafuu mkono mmoja, akazifinya, maji yakatoka. Wachumaji wote wakatazama chini.

"Ulikuwa wapi?"

"Kilimani."

"Ulikwenda kuthibitisha?"

Nikasema, "Ndiyo nilikwenda." Wallahi nilisema hivyo tu. Nilikwenda, ni kweli nilikwenda. Lakini nilijua anachokisikia.

Uso wake ukafunguka. Akazitupa zile karafuu, akawageukia watu walioloa. "Mwanangu alikuwa anathibitisha Mlimani," akasema. "Karafuu ni mwaka hadi mwaka. Hili ni mara moja." Akanitia mkono begani mbele yao wote.

Jumatano, 10 Septemba

Tumezianika tena. Zimeshaota weupe.

Ijumaa, 12 Septemba

Kituoni wamemrudishia Baba magunia yaliyovunda. Aliyashusha mwenyewe, akayaegemeza ukutani. Ingekuwa afadhali angenitukana. Mchana, baada ya sala, akatoka kualika. Huku kwetu maulidi hayaalikwi kwa simu. Mwenye shughuli huvaa kanzu akaenda mlango kwa mlango, akabisha hodi na kutaja shughuli yake kwa mdomo wake. Amealika Mgagadu nzima kwa Ijumaa ijayo: "Karibuni maulidi, binti yangu anakwenda Mlimani."

Nimebaki uanikani nikigeuza karafuu ambazo hazina mnunuzi. Sijapata kuwa peke yangu hivi. Zamani nilikuwa peke yangu kwa sababu watu hawapo. Leo Baba yupo kila saa, ananichekea, anamchekea mtu ambaye si mimi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeomba ruhusa niende Chake na Talib, leo siku yake ya mazoezi. Njiani tulikuwa bado tumenuniana.

Chumba kilijaa. Bi Mwanawema hata salamu hakumaliza, akanambia, "Mwanangu, hebu n'shikie Bi Mwatima." Bi Mwatima ni mama mtu mzima aliyepatwa na kiharusi, mguu wa kushoto hautaki kumsikiliza. Anaogopa kusimama. Nikamfunga kanga kiunoni, nikaishika nyuma, goti langu nikaliweka mbele ya goti lake lisije likakunjika. Nikamwambia asitazame chini, anitazame mimi, anisimulie alipika nini jana. Akaanza habari za mchuzi wa pweza. Katikati ya mchuzi nikauegemeza uzito wake upande mbovu, taratibu, naye hakujua. Mguu ukakubali. Akapiga hatua. Akakatisha hadithi, akasema, "Ee! Mie huyo?" Nikamwambia, "Weye huyo. Pweza mlimtia nazi?" Tukaenda mpaka dirishani. Tukarudi.

Nilipomkalisha nilikuwa nimeloa jasho, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo siku ya matokeo.

Nyuma yangu Talib akasema, "Leo umenisahau."

Nikageuka. Kweli. Alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote akingoja nimfungulie viatu, na mimi sikukumbuka kwamba nina kaka.

"Umenisahau kabisa," akasema tena, na alikuwa anacheka mpaka magongo yakaanguka. Sijamsikia akicheka vile tangu alipoanguka. "Haya, hiyo ndiyo sababu. Kamwambie mzee."

"Mwambie weye."

"Mie? Mie nina mgongo mbovu."

Jumatano, 17 Septemba

Keshokutwa ni maulidi. Baba amenoa kisu.

Nimemwambia baada ya alasiri, tukiwa tunachambua karafuu, yeye na mimi, pakacha katikati. Sikuzungusha. Nikasema sikuthibitisha, nikasema mvua ilinikuta nalia, nikasema tarehe waliyoweka inaisha leo na sitathibitisha. Nikasema Kwemasha, mbele ya Korogwe, kazi ya Bi Mwanawema, wagonjwa tangu muhula wa kwanza. Nikasema ni diploma. Hilo nililisema mwisho, kwa sauti ndogo, kwa sababu nalionea haya kidogo, na ningekuwa mwongo kukana.

Aliendelea kuvunja makonyo, vijiti vya karafuu, kama hakusikia. Kisha mikono ikasimama.

"Siku ile ya mvua n'likusemea kwa watu."

"Ndiyo, Baba."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo karafuu zangu zimevundia bure."

Akalisukuma pakacha kando. Akauliza, "Ni kwa ajili ya Talib?"

"Hapana."

Nadhani hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa amejiandaa kunihurumia, na nikamnyima.

Akavaa kofia, akaenda kwa Shehe Kificho wa msikitini. Karudi baada ya magharibi. Shehe kamwambia nadhiri ilifungwa kwa sharti, na sharti halikutokea, basi haimlazimu. Akitaka kuchinja achinje iwe sadaka tu, hakuna ubaya. Nikamwambia Baba basi na iwe hivyo, watu wasile hasara.

"N'mewaita kwa jina la Mlimani," akasema. "Wakila kwa jina hilo n'takuwa n'mewalisha uongo. Kesho tunakwenda kutangua mwaliko."

"Tunakwenda?"

"Weye na mie. Mlango kwa mlango."

Alhamisi, 18 Septemba

Alivaa kanzu ile ile aliyoalikia. Mimi nikavaa baibui. Mtu huvaa vizuri kwenda kualika, lakini kwenda kutangua sijui watu huvaa nini, maana sijapata kusikia mtu aliyetangua.

Mlango wa kwanza, hodi, karibu, salamu za watoto na za mifupa. Kisha Baba akasema, "Maulidi ya kesho hakuna. Tusameheane." Sauti yake haikuwa yake. Mwenye nyumba akauliza kuna msiba? Hakuna. "Binti yangu hendi Mlimani. Kachagua chuo kingine." Chuo gani? Baba akanitazama. Hakulishika jina. Nikasema, "Kwemasha." Mwenye nyumba akasema aa, kwa namna watu wanavyosema wakiambiwa mgonjwa hajambo kidogo. Tukaondoka. Nilisikia mlango haukufungwa, wanatutazama.

Mlango wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, mama mmoja akanishika mkono, akaniambia nisikate tamaa, nitafaulu mwakani. Nikasema nilifaulu. Akasema, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo." Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba Mlimani kwake haikuwa majivuno. Miaka miwili watu hawa wamekuwa wakimpa pole. Alitaka wampe hongera, mara moja tu.

Tukaendelea. Jua likapanda. Sikumbuki ni kwenye mlango gani alipoacha kunitazama nijibu. Nakumbuka tu kwamba kwenye nyumba ya muuza mafuta ya taa, aliposema chuo kingine na mtu akauliza gani, nilifungua mdomo na nikasikia, "Kwemasha, bara huko, mbele ya Korogwe," na haikuwa sauti yangu. Muuza mafuta akasema hajapata kukisikia. Baba akasema, "Hata mie. Kidogo, lakini wagonjwa wanawashika tangu mwanzo." Sikujua kwamba jana alikuwa ananisikiliza.

Nyumba ya mwisho ni ya Mzee Mjaka, juu kabisa, mwisho wa njia. Mzee Mjaka alianguka mkarafuu nikiwa bado shule ya msingi. Hajasimama tangu siku hiyo. Katika shughuli yoyote hualikwa kama watu wengine wote, ingawa kila mtu anajua haendi, na sahani yake hupelekwa kitandani. Kwa hiyo na yeye ilibidi atanguliwe mwaliko.

"Ingieni," akaita kutoka ndani.

Amelala upande, karibu na dirisha, shuka mpaka kifuani. Baba akakaa kwenye kigoda. Mimi nikasimama. Baba akasema maneno yake yale yale, maulidi hakuna, tusameheane, binti kachagua chuo kingine. Nikangoja swali.

Mzee Mjaka hakuuliza chuo gani. Akauliza, "Anakwenda kusomea nini?"

Hili hatukuulizwa mlango wowote. Baba akatazama mikono yake, nyeusi ya karafuu. "Kazi ya Bi Mwanawema," akasema. "Kuwasimamisha watu."

Mzee akageuza kichwa, akanitazama. Alinitazama kweli, si kama wale wengine.

"Muda gani?"

"Miaka mitatu," nikasema.

Akafikiri. Mkono wake ukashuka juu ya shuka, ukapapasa paja lake kama mtu anayemwamsha mwenziwe.

"Mingi," akasema. Kisha akamwambia Baba, "Mpeleke upesi, Maher."

Baba akasema, "N'tampeleka mwenyewe."